Kifaa Namba 417

Jumanne ile Bi Mwanahawa alikunywa chai nusu kikombe, akamwambia mumewe, "Ngoja nikae kidogo, kisha twende," akakaa.

Mzee Mbaruku alikuwa amekwisha kusimama mlangoni, kofia kichwani, mkono wa kulia ameukunja mbele kidogo, kama alivyoukunja kila asubuhi kwa miaka thelathini na moja ili mkewe auchukue. Haukuchukuliwa. Akadhani anafunga kanga, akasubiri. Akadhani anatafuta ufunguo, maana ufunguo wa nyumba ile ulikuwa na tabia ya kupotea kila siku ya Mungu, akasubiri tena. Kisha akasikia nyumba imenyamaza namna ambayo haikupata kunyamaza tangu mwanamke yule aingie humo na masanduku yake, akajua. Mkono alichelewa kuushusha.

Alikuwa haoni tangu utotoni. Surua ilimpitia akiwa na miaka minne ikaondoka na macho yake. Kazi yake ilikuwa kuwamba vitanda vya kamba, na aliifanya kwa vidole vizuri kuliko wenye macho. Katika mji mzima hapakuwa na mtu aliyelalamika kwamba kitanda cha Mbaruku kimelegea, isipokuwa maharusi, na hao hawahesabiwi. Njia ya kwenda karakana ndiyo iliyokuwa ya Bi Mwanahawa.

Walimzika Jumatano. Watu walikuwa wengi, kwa kuwa marehemu alikuwa hajui kumpita mtu bila kumsalimu, na waliosalimiwa wote walikuja.

Matanga yalikuwa bado hayajaanuliwa barua ilipofika.

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri sana, lakini sitaweza kulitaja. Katika kila karatasi jina hilo limegongewa muhuri juu yake na halisomeki. Ni nchi yenye huruma. Ina Wizara ya Vifaa Saidizi, Uhakiki na Subira, na wizara hiyo ina ruzuku kwa kila raia asiyeona, asiyesikia au asiyetembea. Ruzuku ile imedumu miaka arobaini bila kupungua hata kidogo, jambo ambalo nchi jirani zimeshindwa kuliiga.

Barua ilisomwa na Nyange, kaka wa marehemu na shemeji wa Mzee Mbaruku. Nyange alikuwa tarishi mstaafu wa Wizara ya Madaraja, wizara kubwa kuliko zote katika nchi ile isiyo na mto.

"Wanasema hivi, shemeji," alisema Nyange, akaisogeza karatasi mbali na macho. "'Ndugu Mnufaika. Unakumbushwa kufika ofisini na kifaa chako namba VS/417 kwa uhakiki wa mwaka. Kifaa kiwe safi. Kifaa kisichofika kitahesabiwa kuwa kimetoroshwa. Hatukusahau, Tunakuhakiki.'"

Nyange aliikunja karatasi.

"Shemeji, hawa wanakutaka uende na dada."

"Nimesikia."

"Nikiwajibu mimi nitafungwa."

"Usiwajibu. Nitakwenda mwenyewe. Nina haja nao."

Hapa inabidi nieleze ilikuwaje Bi Mwanahawa akawa namba 417, kwa sababu wapo watu wenye nia mbaya wanaosema kwamba Wizara ilikosea. Wizara haijapata kukosea. Inayo barua ya kuthibitisha.

Miaka thelathini na moja nyuma, Mbaruku akiwa na mwezi mmoja wa ndoa, alikwenda kuomba fimbo nyeupe. Katika nchi ile fimbo nyeupe haiuzwi dukani, hutolewa na serikali peke yake; na sheria inasema gari litasimama kwa fimbo ya serikali tu. Mwenye fimbo nyingine yoyote akivuka barabara anavuka kwa hiari yake. Karani wa siku hizo alimuuliza maswali nane, akayajibu. Swali la tisa lilikuwa: "Je, mwombaji amewezaje kufika hapa leo?"

"Nimeletwa na mke wangu," alisema Mbaruku, kwa kuwa alifunzwa kusema kweli.

Karani akaandika: Mwombaji anacho kifaa. Aina: Mke. Jina la kifaa: Mwanahawa. Hali: Mpya.

Swali hilo la tisa ndilo lililoilinda ruzuku. Asiyeweza kufika ofisini hakuweza kuomba, na aliyefika alikwisha kuthibitisha kwamba ana namna ya kufika. Aliyelibuni alipewa nishani.

Tangu mwaka huo Bi Mwanahawa alipelekwa kuhakikiwa kila mwaka. Mwaka wa kwanza karani alitoka na kopo la rangi nyeupe ili ampake namba ubavuni, kama madawati na magari ya serikali yanavyopakwa.

"Nipake uone," alisema Bi Mwanahawa.

Karani akaitazama sura yake, akaliweka kopo chini, akaandika katika jalada: Kifaa kina namba, ila haionekani.

Idara yenyewe ilikuwa ghorofa ya nne. Lifti ilikuwepo na ilifanya kazi, lakini mlangoni iliandikwa "Kwa Vifaa Tu". Kwa sheria, basi, Bi Mwanahawa alitakiwa kupanda kwa lifti na mumewe kwa ngazi. Yeye alikataa, akawa anapanda ngazi pamoja naye, ghorofa zote nne, akimhesabia vidato na kumsengenya kila aliyepishana nao. Katika jalada iliandikwa mara thelathini na moja: Matumizi mabaya ya kifaa.

Sasa Mzee Mbaruku alikuwa na haja moja tu, na Nyange aliijua. Tangu matanga yaanuliwe majirani walikuwa wakimpeleka karakana kwa zamu, na kila mmoja alikuwa na mtindo wake. Mmoja alimshika kiwiko kama polisi. Mwingine alimvuta kama mbuzi wa sadaka. Wa tatu alimsimulia kila shimo baada ya kuliingia. Wema wao aliushukuru, lakini jioni alirudi amechoka kwa wema kuliko kwa kazi. Alitaka fimbo yake, aende peke yake, avuke barabara kuu magari yakiwa yamesimama.

"Tatizo ni kwamba mimi nikikupeleka," alisema Nyange, "nitaandikwa mimi. Shemeji, nakupenda, lakini sitaki kuhakikiwa."

"Basi tangulia mbele, usinishike. Kohoa. Nitafuata kikohozi."

Wakaenda hivyo. Nyange alikohoa kutoka kituoni hadi getini, na kutoka getini hadi mapokezi, ambako ukutani palikuwa na bango kubwa: "Wasioona, fuateni mshale mwekundu."

"Kuna mshale mwekundu," Nyange alinong'ona.

"Unakohoa wapi?"

"Kushoto."

"Basi nafuata kushoto."

Kwenye ngazi kikohozi kilikuwa cha kweli, maana Nyange alikuwa na miaka sitini na sita. Katika kidato cha mwisho alisimama akahema. "Shemeji, una bahati huoni. Hapa kuna picha ya Waziri, na imetundikwa usawa wa uso wa mtu."

Ofisini walimkuta Bwana Tumsifu, Afisa Mwandamizi wa Uhakiki, Kitengo cha Kutokuona. Alikuwa mtu mpole, mwenye tai na adabu.

"Shikamoo, Mzee wangu. Karibu. Kiti kiko hapo," alisema, akaonyesha kwa kidole.

"Marahaba," alisema Mzee Mbaruku, akabaki amesimama.

"Umefikaje leo?"

Swali hili walilifanyia mazoezi nyumbani. "Nimesukumwa," alisema Mzee.

"Na nani?"

"Na watu. Nilisimama barabarani, wakanisukuma, nikajikuta hapa."

Bwana Tumsifu alifungua kitabu cha kanuni, akalamba kidole, akapekua. "Kusukumwa... kusukumwa... Naam. Kanuni ya kumi na mbili. Kusukumwa si kifaa, huhesabiwa pamoja na hali ya hewa. Vizuri sana, Mzee wangu. Na huyu anayekohoa?"

"Ana kifua," alisema Mzee Mbaruku.

"Nina kifua," alisema Nyange.

"Kifua ni ghorofa ya pili." Bwana Tumsifu akageukia jalada. "Haya. Kifaa namba mia nne na kumi na saba kiko wapi?"

"Amefariki. Jumanne ya wiki tatu zilizopita."

Bwana Tumsifu alivua miwani. Akanyamaza kadiri utu unavyotaka mtu anyamaze, tena kwa dhati, kwa kuwa alimhakiki Bi Mwanahawa miaka kumi na miwili mfululizo na kila mwaka aliulizwa na kifaa kile habari za watoto wake, mmoja mmoja, kwa majina. Kisha akavaa miwani.

"Pole sana, Mzee wangu. Sasa. Kimeibiwa, kimepotea, kimeharibika, au kimerudishwa stoo?"

"Amefariki."

"Hilo nimelipokea kwa masikitiko makubwa. Lakini kisanduku chake hakipo. Viko vinne."

"Andika mke wake amekufa, bwana!" alifoka Nyange kutoka mlangoni. "Ni neno la ajabu hilo?"

"Wewe si una kifua?"

Nyange akakohoa.

"Mimi ningekushauri kimeharibika," aliendelea Bwana Tumsifu kwa upole. "Kimepotea kina usumbufu, inabidi utangaze gazetini. Kimeibiwa kinahitaji mtuhumiwa. Kimeharibika kinataka vitu viwili tu: ripoti ya fundi, na mabaki ya kifaa yarudishwe stoo ndani ya siku saba."

"Tumemzika," alisema Mzee Mbaruku.

Kalamu ilisimama. "Mmezika mali ya umma?"

"Tumemzika mke wangu."

"Kwa kibali cha nani?"

"Cha Mungu."

"Huyo hatuna shaka naye," alisema Bwana Tumsifu, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, "ila hatuna sampuli ya saini yake katika jalada."

Nyange aliacha kukohoa. Alianza kucheka, kicheko kisicho na furaha, akaegemea ukuta, na kicheko kikaenda kikageuka kitu kingine hadi akaziba uso kwa kofia yake. Marehemu alikuwa dada yake wa pekee. Mzee Mbaruku alipapasa hewani hadi akampata bega, akauacha mkono wake hapo. Jambo hilo lilikuwa la hatari kubwa, kwa kuwa Bwana Tumsifu angeweza kuona nani kamshika nani na kuandika. Nataka ieleweke kwamba aligeuka akatazama dirishani, na dirishani hapakuwa na kitu.

Aliporudi kwenye karatasi alisema, "Ombi la fimbo nitalipeleka juu, Mzee wangu. Nitaandika 'kifaa kimefikia mwisho wa matumizi'. Nimejaribu kutafuta neno zuri zaidi ya hilo. Halipo."

Juu ni mahali pa ajabu katika nchi ile. Barua huenda huko nyepesi, hurudi nzito. Ya Mzee Mbaruku ilifika mezani kwa Waziri siku ambayo Waziri alikuwa na shida. Wiki ya Vifaa Saidizi ilikuwa imekaribia, na kwa mujibu wa ratiba alitakiwa kuonyesha kifaa kimoja kilichotolewa na serikali kikamsaidia mtu. Wasaidizi wake walitafuta siku nne katika mikoa yote. Walipata kiti cha magurudumu kimoja, lakini kilikuwa kinakaliwa na mlinzi wa Wizara.

Waziri, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Makwinya, akasoma jalada namba 417, akapiga meza.

"Miaka thelathini na moja!" alisema. "Na kila mwaka imeandikwa kinafanya kazi! Kwa nini sikuambiwa?"

Gari likatumwa kumchukua Mzee Mbaruku.

Sherehe ilifanyika uwanjani, chini ya mahema. Jukwaa la watu wasioweza kutembea lilikuwa na ngazi tisa. Mkalimani wa lugha ya alama aliwekwa nyuma ya pazia ili asimzibe Waziri. Watu walikuwa wengi mno, wengi wao waliletwa kwa mabasi na kufundishwa njiani wapi wapige makofi. Mbele kabisa palikuwa na meza yenye kitambaa cha buluu, na juu yake fimbo nyeupe mpya kabisa, imefungwa utepe. Ilikuwa fimbo ya kisasa, yenye betri, inayolia ikikaribia kizuizi.

Mheshimiwa Makwinya alipanda, akakung'uta kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Wako watu, na ninawajua wanakokaa, wanaosema serikali haitoi vifaa. Nawauliza, hiki ni nini?" Akainua picha ya Bi Mwanahawa, ile ya kitambulisho, iliyokuzwa hadi ikawa kubwa kama mlango. Makofi. "Miaka thelathini na moja bila betri! Bila vipuri kutoka nje! Bila fundi hata mmoja! Wataalamu wa kigeni walikuja wakatuuliza, jamani, kifaa hiki kinatumia nini? Tukawajibu, kinatumia chai!" Makofi, vigelegele. "Kilipanda ngazi! Kiliteremka! Kiliongea! Nchi gani nyingine, nauliza, nchi gani, imepata kuzalisha kifaa kinachoongea kwa gharama nafuu namna hii? Kwa hiyo kwa mamlaka niliyopewa, na mengine niliyoyachukua, namtunuku marehemu cheti cha Kifaa Bora cha Taifa!"

Nyange alikuwa ameketi safu ya kwanza. Jirani yake, mwanamke aliyeletwa kwa basi, alimuuliza, "Baba, huyo kwenye picha ni nani?"

"Ni dada yangu."

"Hongera."

"Asante."

Mzee Mbaruku akasimamishwa mbele. Bwana Tumsifu, aliyekuwa amepangiwa kubeba karatasi, alimwekea fimbo mikononi. Mzee akaipapasa yote, kutoka mpini hadi ncha. Ilikuwa nyepesi. Kishikio kilimkaa kiganjani kama kimepimwa hapo. Akaigonga chini mara mbili, akasikiliza, na ardhi ikamwambia iko wapi. Walioketi mbele waliona uso wake ukilainika, kama mtu aliyekuwa na jiwe kiatuni akalitoa.

"Ni nzuri," alisema.

"Ni yako," alisema Waziri kwenye kipaza sauti. "Bado dole tu."

"Dole la nini?"

Bwana Tumsifu akasafisha koo. "Hati ya Kufuta Kifaa, Mzee wangu. Mnufaika hawezi kuwa na vifaa viwili. Inabidi cha kwanza kifutwe."

"Nisomee."

"Ni maneno ya kawaida tu..."

"Nisomee, mwanangu."

Bwana Tumsifu akasoma, na sauti yake ikaenda ikipungua, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu na kila mtu akasikia. "'Mimi, Mbaruku, nathibitisha kwamba kifaa kilichotajwa, yaani Mwanahawa, kilikuwa chombo changu cha kutembelea, kwamba nilikitumia kwa sababu ya upungufu wangu wa macho na si kwa sababu nyingine yoyote, na kwamba kwa kuwa hakitumiki tena, sina dai wala uhusiano nacho.'"

Kidau cha wino kikasogezwa. Mzee Mbaruku alisimama na fimbo mkononi kwa muda, kidole gumba kimenyooka.

"Mheshimiwa, naomba niseme neno kabla," alisema. "Dole likishagusa karatasi, neno halina kazi."

"Sema, Mzee wetu, sema! Taifa linakusikiliza."

"Umesema kifaa kilifanya kazi miaka thelathini na moja bila hitilafu. Umedanganywa."

Waliofundishwa kupiga makofi walitazamana.

"Kutoka kwangu hadi karakana ni mwendo wa robo saa. Mimi na Mwanahawa tulikuwa tunachukua saa mbili. Hapiti mlango bila hodi. Kila mgonjwa amwone, kila mtoto mchanga ambebe, kisha nipewe na mimi, niulizwe kafanana na nani. Mimi! Nisiyemjua baba yake wala mama yake kwa sura! Nikawa najibu kafanana na bibi yake, na watu wanakubali."

Kicheko kilianza safu za nyuma.

"Siku moja tulitoka kwenda kununua kamba, tukafika harusini. Hatukualikwa. Tulikula. Mara mbili ameniingiza mtaroni kwa sababu alikuwa amegeuka nyuma anamgombeza mtu. Na yeye aliingia. Tukakaa humo mtaroni, nikamuuliza, 'Mwanahawa, hapa ni wapi?' Akanijibu, 'Nyamaza kwanza, sijamaliza na huyu.'"

Uwanja mzima ulicheka, hata Waziri, hata mlinzi wa Wizara kwenye kiti chake. Mzee Mbaruku alingoja watulie.

"Kifaa humpeleka mtu anakotaka kwenda. Huyu alinipeleka alikotaka yeye, mimi nikafuata. Kama alikuwa kifaa, Mheshimiwa, basi kilikuwa kibovu tangu siku ya kwanza. Na hapa mnataka niseme kwamba nilikwenda naye kwa sababu sioni, na si kwa sababu nyingine yoyote." Akageuza uso kuelekea aliposikia ile karatasi ikisomwa. "Ningekuwa naona, ningekwenda naye. Dole sitii."

Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa mahali hapo hawakufundishwa. Nyange alikuwa ameinama, anatazama viatu vyake.

"Lakini Mzee," alisema Waziri, akafunika kipaza sauti kwa kiganja, "ukikataa dole hupati fimbo."

"Najua."

"Barabarani utafanyaje?"

"Sijui bado."

Akainyoosha fimbo ili airudishe. Ikalia. Akaisogeza kulia kidogo, ikalia zaidi. "Samahani," alisema, "hapa mbele pana kizuizi."

"Huyo ni Mheshimiwa Waziri," alinong'ona Bwana Tumsifu.

"Basi inafanya kazi vizuri," alisema Mzee Mbaruku, akaiweka mezani taratibu, mahali ilipokuwa. Kisha akakunja mkono wake wa kulia mbele kidogo, kwa mazoea. Nyange alikuwa amekwisha kufika. Akauchukua mbele ya Waziri, mbele ya makarani wote na mbele ya kamera mbili za taifa, bila kukohoa hata mara moja.

Sipendi watu wadhani kwamba Wizara iliyapuuza maneno ya mzee. Iliyasikiliza kuliko hata alivyotaka. Kwa kuwa mnufaika mwenyewe alitamka hadharani kwamba kifaa kilikuwa kibovu tangu siku ya kwanza, Tume iliundwa kuchunguza serikali iliuziwaje kifaa kibovu. Tume ilikaa vikao kumi na saba. Iligundua kwamba mwaka wa usajili kifaa kilitolewa nyumbani kwao na kaka yake, na kwamba kaka huyo alipokea mahari. Nyange akaitwa kujieleza kama mzabuni.

Alikwenda amevaa shati lake la sikukuu.

"Ulijua kifaa kina kasoro?" aliuliza Mwenyekiti wa Tume.

"Nilijua."

"Kasoro gani?"

"Kilikuwa hakinyamazi."

"Na kwa nini hukumweleza mnunuzi?"

"Nilimweleza, mheshimiwa. Akasema hicho hicho ndicho anachokitaka."

Yakaandikwa. Ripoti ikatoka na mapendekezo arobaini, la kwanza likiwa kwamba Tume iongezewe muda. Cheti cha Kifaa Bora cha Taifa kilifutwa, na ile picha kubwa ikaletwa nyumbani kwa gari la serikali, kwa kuwa haikuenea katika kabati lolote la Wizara. Nyange alitaka kuikata apunguze. Mzee Mbaruku alikataa. Iliegemezwa ukuta wa barazani, wageni wakawa wanaipigia hodi.

Bwana Tumsifu alifika siku moja jioni baada ya kazi, bila tai. Alisema anataka kuwambiwa kitanda cha mama yake. Mzee akampimia kamba, wakazungumza habari za watoto. Alipokuwa akiaga alisimama kidogo.

"Mzee wangu, mimi jalada lako nimeliacha wazi. Siku ukitaka kutia dole, fimbo ipo, rafu ya tatu. Sitaigawa."

"Kile kisanduku cha tano hakijaongezwa?"

"Nimeandika barua. Iko juu."

"Basi fimbo iache hapo."

Fimbo bado iko rafu ya tatu. Mzee Mbaruku ana nyingine, ya mpera, aliyoikata na kuichonga mwenyewe, na sheria haiitambui. Anatoka nyumbani saa moja asubuhi, peke yake. Akifika barabara kuu anasimama, anauliza kama kuna gari, na aliye karibu anamjibu.